Nimechaguliwa mzee wa kanisa, na nina kigugumizi

"Shikamoo mchungaji. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nanunua na kuuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nina kigugumizi tangu utoto. Sokoni nakimudu, wenzangu wamenizoea na bei naweza kuionyesha kwa vidole, ila simu ikiita na mteja akiuliza 'nani mwenzangu?' jina langu mwenyewe halitoki. Mwezi uliopita nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata nikapewa nisome matangazo. Nilikwama kwenye neno 'mkutano' mpaka mama mmoja wa kwaya akanimalizia kwa sauti, watu wakacheka kidogo, nikarudi kukaa. Nimeombewa mara tatu. Mara ya mwisho niliambiwa ni pepo bubu la ukoo, na halitoki kwa sababu naogopa, na kuogopa ni kukosa imani. Kinachonichanganya ni kwamba nikiimba sikwami hata neno moja, ndiyo maana wengine wanasema najifanya. Marehemu baba alikuwa hivi hivi, na sasa mwanangu wa miaka minne naye ameanza. Je, nijiuzulu, au ningoje Mungu aniponye kwanza? Na kama ni yeye aliyeniita, mbona hakunipa ulimi?"

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale ulipopita haraka: watu walicheka "kidogo". Kicheko cha namna hiyo hakina ubaya kwa anayecheka, na akifika nyumbani amekwishakisahau. Aliyechekwa anakaa nacho wiki nzima. Kwa hiyo nisikilize kama mtu ambaye hataki kukupa pole ya haraka.

Umeuliza kama ujiuzulu, lakini naona swali lililokuamsha usiku ni lile la mwisho: huu ulimi ni ushahidi kwamba Mungu hakukukusudia? Nitafika huko. Kwanza lazima tuondoe mambo mawili matatu uliyotwikwa na watu, maana mtu hawezi kufikiri sawasawa huku amebeba gunia lisilo lake.

Na nianze na langu. Nilipokuwa mchungaji kijana, kwenye mkutano wa injili kijiji kimoja cha ng'ambo ya ghuba, aliletwa mbele binti wa miaka kama kumi na mitano mwenye kigugumizi. Nikakemea, nikapaza sauti, nikamwekea kipaza sauti mdomoni: "Sema jina lako!" Akanyamaza, akatazama chini, kisha akataja jina, safi kabisa, bila kukwama. Uwanja mzima ukalipuka haleluya. Siku ya tatu mama yake akanifuata, kwa upole sana, akaniambia: "Mchungaji, lile lilikuwa jina la mdogo wake. La kwake halikutoka, akasema linalotoka." Binti alikuwa ametoa jina la mtu mwingine ili mimi na wale watu tumwache akakae. Tangu siku hiyo sijamwekea mtu kipaza sauti mdomoni nikimdai ushahidi.

Sasa mwili. Mimi si daktari, lakini nimekaa na watu wengi wenye hali hii na nimejifunza kwa wanaoitibu. Kusema neno moja ni kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Pumzi itoke, nyuzi za sauti kooni zikutane, ulimi na midomo vifike mahali pake, vyote kwa wakati mmoja ndani ya sehemu ya sekunde, na ubongo ndio unaopiga ngoma ya kuviongoza. Kwa mwenye kigugumizi ile ngoma ina mdundo wake tofauti. Neno analijua, liko tayari, akili yake haina kasoro yoyote, ila amri ya kulianzisha inafika vibaya, na mdomo unafunga. Mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano, huwapata wavulana zaidi, na hutembea katika koo. Baba yako, wewe, mwanao: hiyo ni damu, kama vile urefu au upara unavyorithiwa. Hesabu inayotajwa ni kama mtu mzima mmoja katika kila mia. Kanisani kwenu, mkiwa watu mia tatu, huenda hauko peke yako. Wenzako wamejifunza tu kunyamaza.

Hili la kuimba ndilo limekuletea shutuma ya kujifanya, na ndilo lenye majibu mazuri zaidi. Wenye kigugumizi wengi sana, popote duniani, huimba bila kukwama. Wimbo una mdundo uliokwisha kupangwa. Maneno yanajulikana, sauti inavutwa bila kukatika, na hakuna wa kukusubiri uchague la kusema. Ile ngoma iliyo na shida kichwani inapata ngoma ya kuiegemea. Ndiyo maana pia, na hebu jichunguze Jumapili ijayo, Baba Yetu mkiisema kanisa zima pamoja wewe hukwami, lakini ukiambiwa uiongoze peke yako unakwama kwenye "Baba". Wengine hawakwami wakiongea na mtoto mchanga, au na mbuzi. Je, pepo linaondoka kwaya ikianza na kurudi wakati wa matangazo? Pepo gani hilo lenye ratiba ya ibada?

Jina lako kutotoka kwenye simu nalo ni jambo la kawaida kabisa kwa wenzako. Neno "mkutano" unaweza kulikwepa ukasema "kikao". Jina huwezi kulibadilisha, anayeuliza anangoja papo hapo, na kwenye simu hana uso wa kuusoma, hivyo anasikia kimya tu na kudhani mtandao umekatika.

Hapa ndipo woga unapoingia, na aliyekuambia habari ya woga alikuwa na nusu ya ukweli ila aliishika kwa upande usio wake. Woga haukuleta kigugumizi. Kigugumizi ndicho kilichozaa woga, kisha woga ukarudi kukinenepesha. Unaona neno gumu linakuja mistari miwili mbele, shingo inakaza, midomo inakaza, unalisukuma kwa nguvu, na kadiri unavyosukuma ndivyo linavyoganda. Halafu unalikwepa, unapata nafuu kidogo, na mwili unajifunza kwamba lile neno ni la hatari. Kesho litakuwa gumu zaidi. Manahodha wa huku kwetu hawasumbuliwi sana na jiwe linaloonekana juu ya maji, hilo wanalizunguka wakipiga soga. Wanaliogopa lile lililozama. Kukwama kwako ndilo jiwe la juu. Lililozama ni zile simu usizopokea, na sala usizoziongoza nyumbani kwako, na mikutano unayofika umechelewa makusudi ili usijitambulishe.

Kwa hiyo unapomwambia mtu wa namna hii "una woga, huna imani", umemwongezea mzigo palepale panapobana, na wiki ijayo atakwama zaidi, nawe utasema pepo limekomaa. Walionena nawe hivyo sidhani walikuwa na nia mbaya. Mimi pia sikuwa nayo.

Ukifungua Marko 7 utakuta Yesu ameletewa "kiziwi, naye ni mwenye utasi", yaani mwenye shida ya kusema. Wenye kuhubiri uponyaji wanaipenda habari hii, na wana haki, maana mtu yule alipona na "akasema vizuri". Ila tazama namna ilivyofanyika. Yesu akamtenga na mkutano, faraghani. Hakumkemea mtu, hakutaja pepo, hakumuuliza kiasi cha imani yake. Alimgusa masikio na ulimi, akatazama juu mbinguni, akaugua, akasema "Efatha", maana yake funguka. Ningalikuwa nimeusoma ule mstari wa faragha kwa makini, yule binti nisingemdhalilisha. Kuna pepo bubu pia, katika Marko 9, lakini kijana yule alikuwa akiangushwa, akitoka povu, akitupwa motoni na majini. Injili yenyewe inawatofautisha wagonjwa hawa wawili. Mbona sisi tunawachanganya?

Naamini Mungu huponya, na sitakuambia uache kuomba. Nitakuambia tu kwamba kuombewa na kutopona si hukumu. Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba wake, mara tatu kama wewe, na jibu likawa: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mwiba ulikuwa nini, haikuandikwa. Nashukuru haikuandikwa, maana tungewaachia jibu hilo wenye ugonjwa huo peke yao. Na huyo huyo Paulo, Wakorintho walimsema kwamba barua zake ni nzito lakini akiwapo mwenyewe "maneno yake si kitu". Hakukana. Katika barua ya kwanza aliwakumbusha kwamba alikuwa kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi". Hofu, ndugu yangu. Mtume alitetemeka na akahubiri akitetemeka.

Naja sasa kwenye "mbona hakunipa ulimi". Swali hili limeulizwa kabla yako, na aliyeliuliza alikuwa amevua viatu. Musa alisema: "mimi si mwepesi wa kusema, na ulimi wangu ni mzito." Kama kilikuwa kigugumizi au kitu kingine, Maandiko hayasemi, lakini lile lalamiko unalijua. Mungu hakulikanusha. Hakumwambia "unajidharau tu, unasema vizuri". Wala hakuuponya ulimi ule papo hapo, ingawa dakika chache kabla alikuwa ameugeuza mkono wake kuwa na ukoma na kuurudisha ukiwa mzima. Uwezo ulikuwapo. Alichosema ni: "Basi sasa, enenda, mimi nitakuwa pamoja na kinywa chako." Kinywa chako, chenyewe hicho kizito. Hakukuwa na kingine kilichohifadhiwa mahali.

Watu husema Mungu alimkasirikia Musa kwa sababu ya kulalamikia ulimi. Soma tena Kutoka 4. Hoja baada ya hoja alijibiwa kwa subira, hiyo ya ulimi ikiwemo. Hasira ziliwaka pale aliposema, kwa maneno mengine, tuma mtu mwingine. Na hata katika hasira alipewa msaada: Haruni, nduguye, msemaji mzuri, naye tayari alikuwa njiani anakuja kumlaki. Nami huwa najikumbusha jambo moja kuhusu Haruni kila tunapokaa kuchagua viongozi. Huyo msemaji mzuri ndiye, watu walipomjia wakimtaka miungu, aliyewapa ndama ya dhahabu. Musa mwenye ulimi mzito ndiye aliyekuja kusema kitabu kizima, maana Kumbukumbu la Torati inaanza na "Haya ndiyo maneno Musa aliyowaambia Israeli wote", na maneno hayo yanajaza sura nyingi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba katikati ya hapo aliponywa.

Basi, ujiuzulu? Sitakuamulia, nitakuwekea mezani ninavyoviona.

Kukataa si dhambi. Mtu anaweza kukataa uzee wa kanisa kwa sababu ana watoto wadogo, au kwa sababu msimu wa dagaa unamweka mwaloni kuanzia alfajiri. Jipime kwa swali moja: ningekuwa na ulimi mwepesi, ningekubali? Kama jibu ni hapana, jiuzulu kwa amani na usikilaumu kigugumizi. Kama ni ndiyo, basi kinachojiuzulu ni woga, na ukiupa hili utakuja kudai na mengine.

Kungoja upone kwanza ndiyo njia ninayoikubali kidogo kuliko zote, ingawa inasikika ya kiroho. Mwenye kigugumizi kilichomfuata mpaka utu uzima mara nyingi ataishi nacho, japo kinaweza kupungua sana na, zaidi, kinaweza kuacha kumtawala. Dawa ya kumeza inayokiponya haipo, na anayekuuzia anakuibia. Ukiahidi kumtumikia Mungu siku ulimi utakapofunguka, unaweza kujikuta na miaka 70 bado unaahidi.

Naona njia ya tatu. Kaa na mchungaji wako kabla ya kikao, mwambie yale uliyoniambia mimi, na mgawane kazi. Mzee wa kanisa hatembei na kipaza sauti. Anatembelea wagonjwa, anapatanisha mume na mke, anatunza sadaka, anakaa msibani. Nimeona wafiwa wakichoshwa na wasemaji, lakini mtu anayekuja, akaketi, akasema maneno sita kwa shida, huyo wanamkumbuka. Mtafute Haruni wa kukusaidia. Sharti langu ni moja: Haruni asikumeze. Pawepo na kitu kidogo, kila mwezi, unachokisema mwenyewe mbele za watu, na kila mara kiongezeke kidogo.

Na uwaambie. Hili limewasaidia wengi kuliko mazoezi ya pumzi. Siku utakaposimama anza na: "Wapendwa, nina kigugumizi, nitakwama mahali, naomba msinimalizie, nitafika." Nusu ya nguvu zako zimekuwa zikienda kwenye kuficha. Ukishasema, hakuna cha kuficha, na shingo inalegea. Yule mama wa kwaya, ninahisi, alidhani anakuokoa. Mweleze taratibu, atakuwa mlinzi wako mkubwa.

Ya hospitali usiyadharau. Paulo aliyeambiwa neema yatosha ndiye aliyemwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake "na magonjwa yakupatayo mara kwa mara", na alisafiri na Luka tabibu. Kuna watu wanaosomea tiba ya usemi. Kwetu ni wachache, kwa hiyo anzia Hospitali ya Bugando, Mwanza, kliniki ya masikio, pua na koo, uombe kuelekezwa kwa anayehusika, na uwe tayari kwamba huenda ukaelekezwa mbali au kwa mazungumzo ya simu. Atakufundisha kulianza neno kwa ulaini, kukwama bila kusukuma, na kuyaendea maneno unayoyakwepa.

Kwa mtoto usichelewe. Wengi wanaoanza kukwama utotoni huacha wenyewe, lakini baba na babu wakiwa nacho, na akiwa mvulana, mpeleke aonwe sasa bila kungoja. Nyumbani msimwambie "sema vizuri" wala "vuta pumzi kwanza". Mpunguze mwendo wenu ninyi wa kuongea. Kila siku umpe dakika tano ambazo simu iko mbali na wewe unamsikiliza macho kwa macho, akikwama unangoja. Asiwepo wa kumcheka, wa kumshtua, wala wa kumkata kimeo au kile kiuzi cha chini ya ulimi, kwa sababu kigugumizi hakikai hapo na mtoto anaweza kutokwa damu nyingi. Na asisikie tena neno pepo la ukoo. Ana miaka minne, ataliamini. Tena ana bahati moja ambayo wewe labda hukuipata: baba anayekwama mbele yake na kuendelea kuongea.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji. Mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa na kigugumizi, akianza ghafla kukwama au maneno kumchanganyika, hasa mdomo ukipinda au mkono ukilegea, awahishwe hospitali saa ileile, huenda ni kiharusi. Na wewe mwenyewe, kama aibu hii imefika mahali hulali, huli, au umewaza kwamba afadhali usingekuwapo, usinisubiri mimi wala Jumapili. Mwambie mkeo au mtu unayemwamini leo, na mwende pamoja kumwona daktari. Hata hilo ukilisema kwa kukwama, watakuelewa.

Jumapili yako ya kwanza, ombi langu: omba upewe Zaburi 136. Ina mistari 26, na kila mstari unaishia kwa maneno yaleyale, "kwa maana fadhili zake ni za milele". Wewe sema nusu ya kwanza, kanisa zima liitikie ya pili. Utakuwa na mahali pa kupumzika kila baada ya maneno machache, na mwitikio utasema pamoja nao, bila kukwama, kama unavyoimba. Ukiganda kwenye mstari wa Ogu mfalme wa Bashani, subiri hapo hapo. Dagaa wako wameshaanuliwa, mvua hainyeshi, hakuna haraka.

Ile karatasi ya matangazo mrudishie katibu. Kusoma matangazo ni kazi yake.